Mgombea Usiyemridhia na Kura Iliyo Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, leo tunakusudia kulipa deni, na deni lenyewe si la fedha bali ni la jibu. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 tulikuwa katika ziara ya da'wa kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, na Ijumaa moja ikatukuta Titye, wilayani Kasulu. Waislamu wa huko si wengi kama wa Ujiji, na msikiti tulioswalia ulikuwa mdogo, safu zake zikihesabika kwa vidole. Baada ya swala alitujia mzee mmoja mwenye kanzu iliyopauka, akatoa mfukoni kadi ya Chama Cha Mapinduzi ambayo alisema aliipata mwaka 1977, mwaka ambao TANU na ASP ziliunganishwa na CCM ikazaliwa.

Akasema: "Sheikh, mimi ni mtu wa chama hiki tangu kilipozaliwa, na kabla yake nilikuwa TANU. Sijapata kukipa kura chama kingine. Safari hii wamelikata jina la mtu niliyemtaka, wakaniletea mwingine. Nikimpigia, moyo unanisuta. Nisipompigia, nitaitwa msaliti na watu niliokula nao miaka yote. Dini inasemaje?"

Kabla hatujafungua kinywa, kijana mmoja mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yake akamwamkia mzee, kisha akatugeukia. "Sheikh, mimi niko upande wa pili, lakini maumivu yangu ni hayo hayo. Mgombea tuliyeletewa ni mtu ambaye kwa miaka karibu minane tumewaambia wananchi wasimwamini. Leo nisimame wapi nimnadi?"

Tuliwajibu kwa haraka. Tuliwaambia waswali istikhara, wamuombe Mwenyezi Mungu ajaalie lenye kheri, kisha tukapanda gari. Mzee alituangalia akasema, "Haya, tumesikia." Miaka michache baadaye tukapata habari kuwa amefariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Istikhara ni sunna na hatuirudi, lakini siku ile tuliitumia kama mlango wa kutokea. Mzee aliuliza swali la fiqhi, nasi tukamkimbia kwa kuogopa kuambiwa tunachanganya dini na siasa.

Yaliyokuwa yametokea

Kwa faida ya vijana ambao wakati huo walikuwa wadogo, tukumbushe. Mwaka 2015 wanachama wa CCM zaidi ya 35 waliomba kuteuliwa kugombea urais. Usiku wa Julai 10 Kamati Kuu iliyokutana Dodoma ilibakiza majina matano: Bernard Membe, Dk. John Magufuli, Dk. Asha-Rose Migiro, Balozi Amina Salum Ali na January Makamba. Jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond na ambaye alikuwa na wafuasi wengi ndani ya chama, halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu hiyo hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Julai 12 Mkutano Mkuu ukampa Dk. Magufuli kura 2,104, Balozi Amina 253 na Dk. Migiro 59.

Upande wa pili, Julai 28 Lowassa alijiunga na Chadema, na baada ya siku chache akawa mgombea wa chama hicho akiungwa mkono na umoja wa UKAWA. Hiki ndicho chama ambacho Katibu Mkuu wake, Dk. Willibrod Slaa, mwezi Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, aliwataja hadharani watu aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa likiwamo. Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba aliachia uenyekiti wa CUF, na Septemba 1 Dk. Slaa akatangaza kustaafu siasa. Mwezi Oktoba mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, miongoni mwa wakongwe wa TANU na CCM, alijiondoa CCM akilalamika kuwa utaratibu wa chama chake haukufuatwa. Siku ya kura, Oktoba 25, Dk. Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa asilimia 39.97.

Kwa hiyo mzee wa Titye na mwalimu wake hawakuwa peke yao. Waliyoyasema kwenye kibaraza cha msikiti ndiyo yaliyokuwa yakiwatoka vigogo wa nchi.

Kutoridhika si dhambi

Jambo la kwanza ambalo tulipaswa kumwambia mzee wetu ni kwamba kutoridhika na aliyeteuliwa si uasi, wala si upungufu wa imani. Historia ya uongozi katika vitabu vyetu imejaa watu wasioridhika, na kilichotazamwa ni sababu zao.

Katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 246, tunasimuliwa habari za Bani Israili waliomuomba Nabii wao awateulie mfalme. Alipowaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewateulia Taluti, walipinga. Walidai kuwa wao wana haki zaidi ya ufalme kuliko yeye, na tena hakuwa na mali nyingi. Wakajibiwa kuwa ameteuliwa na Mwenyezi Mungu, na amezidishiwa wasaa wa elimu na nguvu za mwili. Tuzingatie vipimo hivyo viwili. Wao walipima kwa ukoo na mfuko, na wakarudishwa kwenye ujuzi na uwezo wa kazi.

Mtume wetu (S.A.W.) mwishoni mwa uhai wake alimteua Usama bin Zayd, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini, kuongoza jeshi ambalo ndani yake walikuwamo masahaba wakubwa. Baadhi ya watu walinung'unika. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume aliwaambia kuwa waliwahi kuutia dosari pia uongozi wa baba yake, na kuwa baba huyo alistahiki uongozi. Hakuamrisha wapigwe wala wafukuzwe Madina. Aliwajibu kwa hoja.

Na Sayyidna Abubakar (R.A.), katika maradhi yake ya mwisho mwaka wa 13 Hijiria, alipomkusudia Sayyidna Umar (R.A.) kushika nafasi yake, wapo waliomwendea kitandani wakamuuliza atamjibu nini Mola wake kwa kuwawekea mtu mkali. Akawajibu kuwa atamwambia Mola wake kwamba amewawekea aliye bora wao. Hoja ya waulizaji ilikuwa juu ya tabia ya mtu, na jibu lilikuwa juu ya ubora wake. Hakuna aliyeitwa msaliti. Umar aliposhika uongozi, wale waliomuogopa walikuwa miongoni mwa walioishi chini ya uadilifu wake.

Ichuje sababu yako

Jambo la pili ni kuichuja sababu. Mtu akisema "simtaki mgombea wa chama changu," na ajiulize mwenyewe faraghani: kwa nini?

Ikiwa sababu ni kwamba mtu wako ndiye aliyekatwa, na kwa kukatwa kwake umepotelewa na cheo, tenda au posho uliyoitarajia, basi hiyo si hoja bali ni maumivu ya tumbo. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu. Akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi. Ndugu zangu, hadithi hiyo inawagusa wanaogombea, wanaowapigia kampeni, na hata anayepokea kanga na chumvi kisha akaenda kituoni.

Ikiwa sababu ni kabila lake, jinsia yake, mkoa anakotoka au dini yake, basi ogopa usije ukawa katika safu ya waliompinga Taluti. Kule Kasulu Mwislamu, Mkatoliki na Mwanglikana wanauza maharage katika soko moja, wanazikana na kutembeleana. Mkunga hodari haulizwi kabila. Tena wazee wa Buha wa Heru hawahitaji kuambiwa kuwa mwanamke anaweza kutawala, maana waliwahi kuwa chini ya Mwami Theresa Ntare kabla uchifu haujafutwa nchini mwaka 1963.

Ikiwa sababu ni uaminifu wake au uwezo wake, hapo umefika kwenye hoja ya kisharia. Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (A.S.) kuajiriwa, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya, ameeleza kuwa sifa hizo mbili ni nadra kukutana kwa mtu mmoja kwa ukamilifu, na kwamba kila kazi itazamwe inahitaji zaidi ipi. Ucha Mungu peke yake hautoshi: Abu Dharr (R.A.), pamoja na daraja yake kubwa, alipoomba uongozi Mtume alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na kwamba uongozi ni amana. Wala uhodari peke yake hautoshi, kwa kuwa mwizi hodari huiba zaidi.

Na ikiwa sababu ni utaratibu, kwamba jina limepitishwa bila mashauriano ya kweli, hiyo nayo ni hoja yenye uzito. Waumini wamesifiwa katika Suratush-Shura, aya ya 38, kuwa mambo yao ni ya kushauriana baina yao. Lakini hapa mtu atenganishe mambo mawili. Utaratibu unaweza kuwa na kasoro na aliyepatikana akawa mtu anayefaa, na unaweza kunyooka ukamtoa asiyefaa. Mzee wa Titye alikuwa ameyafunga haya kwenye fundo moja. Alikasirikia mkato, na hasira ile ikamzuia kumtazama aliyeletwa. Tungekuwa na ujasiri siku ile tungemwambia: Mzee wetu, mkasirikie aliyekata, lakini huyu aliyeletwa mpime upya kwa vipimo vya Musa na Taluti.

Mwalimu naye tungemwambia jambo jingine. Kama uliyoyasema kwa miaka minane ulikuwa na ushahidi nayo, ushahidi haufi kwa sababu mtu amebadilisha rangi ya shati. Na kama ulikuwa huna ushahidi, basi kabla ya kumnadi una deni la kutubu kwa kumsingizia. Katika hali zote mbili, kusema leo kinyume cha jana bila kueleza kilichobadilika ni kuwafanya watu wajinga.

Kadi si kiapo

Jambo la tatu ni lile lililomuumiza mzee zaidi, yaani neno "msaliti". Kadi ya chama ni mkataba wa watu kusaidiana katika jambo la kidunia, na Mwislamu hutimiza mikataba yake. Lakini hakuna mkataba unaomlazimisha mtu kushuhudia asiloliamini. Wanazuoni wa zama hizi, akiwamo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, wameilinganisha kura na ushahidi, uombezi na uwakala. Mpiga kura anashuhudia kuwa mtu huyu anafaa, anamuombea nafasi, na anamfanya wakili wake na wa umma. Sasa Suratun-Nisaa, katika aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ikiwa baba mzazi hapewi ushahidi wa upendeleo, chama kitapewa vipi?

Kwa hiyo anayepima kwa uaminifu akaona mgombea wa chama chake hafai, anaruhusiwa kumpa kura anayemuona anafaa zaidi, na hajamsaliti mtu. Akiona wote wana kasoro, fiqhi ina kanuni mashuhuri ya kubeba dhara iliyo nyepesi ili kuiepuka iliyo nzito. Wala asidanganyike na kukaa nyumbani akidhani amesalimika, kwani Suratul-Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Kususia kura ni uamuzi unaohitaji hoja sawa na uamuzi wa kupiga, na asiyeona kabisa mtu wa kumshuhudia hatulazimishi ashuhudie uongo.

Hata hivyo lazima tukiri kuwa sheria za nchi zimeuchonga mlango huu kuwa mwembamba. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi kwa miaka mingi, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha iliamua kuwa katazo hilo linakiuka haki za raia. Mpaka uchaguzi wa mwaka 2025 sharti hilo lilikuwa halijaondolewa. Maana yake ni kwamba wachache wanaokaa kwenye vikao vya uteuzi wamebeba amana ya mamilioni wasiokuwamo ukumbini, na hesabu yao mbele ya Mola ni kubwa kwa kiasi hicho hicho.

Adabu ya kupinga na haki ya mpingaji

Jambo la nne linawahusu wote wawili, anayepinga na anayepingwa. Anayepinga aanze na nasaha ndani ya nyumba, kwa lugha ya staha, na asizue yasiyokuwapo. Akishindwa aondoke kwa heshima, au abaki na kusema ukweli wake.

Anayepingwa naye amlinde mpingaji wake. Mwaka 2020 chama cha ACT-Wazalendo kilimsimamisha Membe, aliyekuwa amefukuzwa CCM mwezi Februari mwaka huo, na kabla ya siku ya kura viongozi wakuu wa chama hicho, Maalim Seif Sharif Hamad na Zitto Kabwe, mwana wa Kigoma, wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema. Membe alisisitiza kuwa yeye bado ni mgombea. Wengi waliona ni kichekesho, lakini angalau mabishano yalikuwa ya maneno. Mwaka 2025 mambo yalikuwa mazito zaidi. Januari mwaka huo Mkutano Mkuu maalumu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee. Mwezi Julai Humphrey Polepole, aliyepata kuwa katibu mwenezi wa chama hicho, alijiuzulu ubalozi wake Cuba na kuupinga utaratibu huo hadharani. Mwezi Oktoba ndugu zake walitangaza kuwa amechukuliwa kwa nguvu nyumbani. Na uchaguzi wa Oktoba 29 ulifuatiwa na umwagaji wa damu ambao taifa halijausahau, na tume ikaundwa kuuchunguza.

Sisi si mahakama, na hatumhukumu mtu kwa tusiyoyashuhudia. Tunasema lile tunalolijua kwa yakini: nafsi moja kuuawa bila haki ni kama kuuawa watu wote, kama tunavyofundishwa katika Suratul-Maida, aya ya 32. Mtu akipinga jina kwa ulimi wake, jibu lake ni ulimi, kama Mtume alivyowajibu waliomnung'unikia Usama. Na anayepinga kwa kuchoma mali ya jirani ameiharibu hoja yake kwa mkono wake. Ushahidi hautolewi kwa hofu wala kwa moto. Mahali ambapo mpingaji haishi kwa salama, hata yule anayeunga mkono kwa dhati hakuna atakayeamini kwamba anasema kwa hiari.

Mwisho wa safari

Ndugu msomaji, tazama yaliyokuja baadaye. Lowassa, aliyewafanya wengine walie kwa kukatwa na wengine walie kwa kupokewa, alirudi CCM Machi 1, 2019. Katika majimbo manne ya Mkoa wa Kigoma yaliyochukuliwa na NCCR-Mageuzi mwaka 2010, yakiwamo yote mawili ya Kasulu, baadhi ya waliochaguliwa baadaye walihamia hukohuko CCM. Aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya mtu, amekuta mtu yule amekwishapatana na waliogombana naye, na yeye bado hasemezani na ndugu.

Zaidi ya hapo, Anna Mghwira, aliyegombea urais mwaka huo kwa ACT-Wazalendo, alifariki mwaka 2021. Dk. Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Membe alifariki Mei 2023, na Lowassa Februari 10, 2024. Mzee Kingunge aliwatangulia mwaka 2018. Na mzee wetu wa Titye, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye gazeti lolote, naye yuko huko. Kila mmoja ameulizwa au ataulizwa amana aliyobeba, na yeye ataulizwa karatasi moja tu.

Hatukujua alimpigia nani, wala haikuwa haki yetu kujua. Lakini tunajua kuwa alitaka kuiweka karatasi ile mahali ambapo angeweza kuitetea mbele ya Mola wake, akatuuliza njia, nasi tukawahi gari. Kwa hilo tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha. Na kwenu maimamu wenzetu tunausia: atakapokujieni mzee mwenye kadi mkononi, msimtajie jina la mtu, na msimfukuze kwa dua fupi. Kaeni naye chini. Mpeni vipimo, kisha mwacheni aende kituoni na Mola wake.

Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye nguvu na uaminifu, atupe na sisi ushahidi wa kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.